Uniti za LUKU

Darasani swali huwa hivi: wapangaji watatu wana mita moja ya umeme wa LUKU, na mwezi huu wametumia uniti 60. Kila mmoja achangie uniti ngapi? Mtoto anagawanya, anapata 20, mwalimu anaweka vema.

Kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam hesabu haiishii hapo. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 6 kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 1.8 tu. Friji inayovuta wati 100, ikinguruma jumla ya saa 12 kwa siku, kwa siku hizo 30 inakula uniti 36. Bibi wa chumba cha uani mwenye taa moja na redio akichangia 20 sawa na mwenye friji, anamlipia jirani maji ya baridi. Hilo linaniuma sana.

Wazazi, jioni mpeni mtoto kalamu. Kwa ruhusa ya majirani, asome wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, azidishe kwa saa za matumizi, agawanye kwa 1,000. Ndipo mchango wa LUKU ukusanywe.