Gari la Marehemu ni la Nani?

Ndugu msomaji, alinijia kijana mmoja hapa Songea, niliyemsomesha chuoni alipokuwa mdogo, akaniuliza: "Shekhe, kulifufua gari kuukuu la baba yangu ni ubadhirifu?"

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la milango miwili na injini ya silinda sita. Aina hii ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Baba yake alilinunua Nairobi kabla mpaka wa Tanzania na Kenya haujafungwa mwaka 1977, akalileta huku kusini. Limelala chini ya mwembe miaka mingi. Mzee alipofariki mwaka juzi, kijana akaazimia kulifungua lote, nati kwa nati, alirudishe kama lilivyotoka kiwandani. Kazi hiyo hajaifanya maishani mwake. Mkononi alikuwa na pesa za mahindi ya misimu miwili, na fundi alikwisha mpata.

Nikamjibu: kutengeneza kilichochakaa si ubadhirifu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Na nyinyi wa pwani mwajua: jahazi huvutwa ufukoni, likatolewa mbao mbovu, likatiwa kalafati, na hapana amwitaye mwenye jahazi mbadhirifu. Ubadhirifu ni kuchukua cha watu wa nyumbani ukajionyeshe nacho njiani.

"Lakini, mwanangu," nikamwuliza, "gari ni la nani?"

"Ni la baba, na mimi ndiye mwanawe wa kiume."

Hapo ndipo wengi wetu tupoteapo. Maiti hana gari. Roho ikishatoka, madeni yakalipwa na wasia ukatimizwa, mali ni ya warithi. Marehemu huyu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha tangulia. Tukaligawa gari mafungu 32: mama ana thumni, yaani mafungu 4, kila binti ana 7, kijana ana 14. Basi hana hata nusu. Spana yake ingefungua mali ya watu wengine watatu.

"Mama hajadai kitu," akasema.

"Je, umemwuliza?"

Akainama.

Kufungua gari si jambo dogo. Gari zima, hata likiwa bovu, laweza kuuzwa na kila mtu akapata chake. Lililotawanywa katika makopo na magunia, nani atalinunua? Tena gari hili halina fremu ya peke yake: bodi ndiyo mwili na ndiyo mifupa. Kutu ikila sakafu na vizingiti vya milango, gharama yake huijui mpaka umekwangua rangi. Wengi huanza kwa furaha, wakifika hapo pesa zikawaishia. Kijana akikwama, aliyepoteza si yeye peke yake. Ni mama yake mjane na dada zake pia.

Nikampa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuligusa, wajuzi wawili walithamini gari kama lilivyo, na kutu yake. Pili, kila mrithi aulizwe faraghani, kwani ridhaa ya mwanamke aliyenyamaza kwa kumwonea haya kaka yake si ridhaa. Auze fungu lake, au awe mshirika, au atoe kwa hiari yake. Kisha yaandikwe mbele ya mashahidi. Tatu, asifunike kutu kwa puti. Siku akiliuza, mnunuzi aambiwe kilicho chini ya rangi.

Wakaja wote nyumbani kwangu. Mama alitoa fungu lake, dada mdogo akapenda kuwa mshirika. Dada mkubwa, aliyeolewa Tunduru, alitaka pesa zake, na ni haki yake kuzitaka. Kijana alimlipa kwa zile pesa za mahindi. Gari li bado chini ya mwembe, likingojea mavuno mengine. Nilidhani atanikasirikia. Aliniambia maneno mawili tu: "Sasa nalala."

Wangapi kati yetu twalima mashamba, twapangisha nyumba na kuangua minazi ya marehemu ambayo haijagawanywa, na dada zetu wametunyamazia? Tuwaulize kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.