Kimya cha Seva

Kikuubo kwa Kiganda ni uchochoro, na katika uchochoro huo wa maduka ya jumla jijini Kampala anayesimama ovyo husukumwa na wabeba mizigo. Mteja amesimama hata hivyo. Amebonyeza "lipa" kwenye kivinjari cha simu, kiduara kinazunguka, na mwenye duka ameuwekea mkono mfuko wa sukari. Abonyeze tena? Huenda pesa zimekwishakatwa, huenda hazijatoka.

Fundi akiitwa huuliza hatua kwa hatua. Ombi lilitoka kwenye kivinjari? Seva ililipokea? Liliingia kwenye foleni, likachukuliwa, likathibitishwa? Wakati mwingine hukuta kazi ilishafanyika. Kilichopotea njiani ni jibu tu.

Basi asiyejibiwa anajua nini?

Mwaka 1978 Jim Gray, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilieleza fumbo hili kwa mfano wa majenerali wawili. Wanataka kushambulia kwa pamoja, lakini wajumbe wao hupita bonde la adui. Wa kwanza akituma habari, husubiri jibu. Wa pili akijibu, hajui kama jibu limefika. Watumiane barua mia, ile ya mwisho itabaki na shaka yake.

Kwa hiyo anayeendesha foleni ya ujumbe huchagua hasara. Akituma mara moja tu, ujumbe waweza kupotea. Akirudia hadi athibitishiwe, waweza kufika mara mbili.

Saa saba mchana adhana hutoka kwenye mnara wa Msikiti wa Taifa, kilimani Old Kampala, na shaka hii msikitini si ngeni. Aliyesahau kama amesali rakaa tatu au nne, mafakihi wa Kishafii humwambia ashike tatu alizo na yakini nazo, aongeze moja, kisha alete sijda mbili za kusahau. Rakaa iliyozidi husamehewa. Shilingi iliyozidi ni mali ya mtu.

Ndiyo maana muamala hupewa namba: seva ikiiona tena, hairudii kukata, hurudisha jibu lile la kwanza. Lakini namba izaliwe lini? Programu ikitoa mpya kila kidole kinapogusa kitufe, wasiwasi wa mteja utahesabiwa kama mfuko wa pili. Ikitolewa anapokubali kununua, miguso yote ni ya nia moja, na anayetaka kweli mifuko miwili atapata namba mbili. Bila kukusudia, fundi ameingia mlango wa nia, ule wa mafakihi.

Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda kuanzia jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi mkuu, hadi tarehe 18. Kwa siku hizo kimya kilikuwa na maana nyingine: njia yenyewe imefungwa. Kiduara kilizunguka vilevile.

Kikuubo, mteja amebonyeza mara ya tatu. Ujumbe mmoja unaingia, na mwenye duka anauinamia kusoma namba kabla ya kuuachia mfuko.