Kadirio la Kalori na Hesabu ya Nafsi

Kalori, yaani kiasi cha joto kinachopandisha halijoto ya gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, ilianza kama kipimo cha elimu ya joto, na ilipohamishiwa kwenye mwili wa binadamu iliandamana na dai la kifalsafa ambalo wakimbiaji wengi hulipokea bila kulihoji. Katika andiko lao la mwaka 1783, wanasayansi Wafaransa Lavoisier na Laplace walieleza jinsi walivyomfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka, na kuhitimisha kwamba kupumua ni kuungua polepole. Mwili, kwa mtazamo huo, ni tanuri.

Tanuri huhesabika kwa urahisi. Anayekimbia kwenye tambarare hutumia takriban kilokalori 1, yaani kalori 1,000, kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 10 hutumia zipatazo 700, na kwa kuwa kilo 1 ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuhifadhi kilokalori 7,700, mbio 11 zingetosha kuiyeyusha. Hata hivyo, utafiti wa Herman Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, wanaotembea mno katika kuwinda na kukusanya chakula, hutumia kwa siku nishati inayokaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa, ukubwa wa mwili ukizingatiwa. Maelezo ya Pontzer, ambayo wataalamu wangali wakiyajadili, ni kwamba mwili unaotumia nishati nyingi upande mmoja hubana matumizi upande mwingine.

Kadirio, basi, husema kweli zaidi kuhusu mbio kuliko kuhusu mkimbiaji. Hesabu ya nafsi huangalia kingine: mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliitengea muhasaba, yaani desturi ya mtu kuihesabu nafsi yake, kitabu kizima, na hesabu hiyo huelekezwa kwenye nia na tendo, ilhali matokeo yamo mikononi mwa Mungu. Kumlaumu aliyekimbia kwa bidii kwa sababu mizani haikushuka ni dhuluma, hasa lawama hiyo inapotoka moyoni mwake mwenyewe, maana anadaiwa kile ambacho hakuwahi kukabidhiwa, huku moyo na mapafu yake, ambayo mizani haiyapimi, yakiwa yamekwisha kunufaika na mbio zake.