Gofu na Hame: Jumba la Shangani Linapotazamwa kutoka Epulu

Katika maandishi ya dini na ya falsafa, nyumba ya binadamu huulizwa maswali mawili, na mara nyingi maswali hayo hutenganishwa kana kwamba hayajuani. La kwanza ni la kudumu: nyumba hii itasimama mpaka lini, na aliyeijenga alitaraji nini kwa kuifanya imara kuliko umri wake mwenyewe? La pili ni la uhalali: nyumba hii ilipatikana kwa mali gani, na iwapo mali hiyo ilikuwa ya dhuluma, je, dhuluma hukaa katika mawe, au hubaki juu ya mtu aliyeitenda na kuondoka naye duniani? Anayesimama mbele ya majumba ya pwani ya Unguja huyaona maswali hayo kuwa mawili. Akiyatazama majumba hayohayo kutoka Epulu, makazi yaliyo ukingoni mwa mto wenye jina hilo, katika eneo la Mambasa mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Bunia na zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, huanza kuona kwamba swali ni moja.

Jumba linalofaa kwa uchunguzi huu ni lile la Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, linalohusishwa na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, aliyerudi Unguja kutoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufariki huko mwaka 1905. Mlango wake ni wa nakshi, yaani wa mbao nzito iliyochongwa, wenye pande mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali pande hizo zinapogusana, na ngazi za kuuendea ni za marumaru nyeusi na nyeupe. Kuta za majumba ya aina hii hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la kuni. Dari hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuhimili uzito wa sakafu ya mawe na chokaa kwa urefu unaozidi sana mita tatu, vyumba huwa virefu na vyembamba hata kwa mwenye uwezo. Tajiri wa Shangani aliweza kununua nakshi na marumaru kadiri alivyotaka, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti wa kwenye matope.

Mlango huo ndio sehemu ya jumba inayosema na mpita njia. Humwambia kwamba mwenyeji wa hapa ni muungwana, mtu wa nasaba na mali, na kwamba anakusudia kukaa. Mwenye kusoma nakshi peke yake, hata hivyo, hawezi kujua gharama yake ililipwa wapi. Mwaka 1887, mwaka uleule ambao Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, msafara wa Henry Morton Stanley uliokuwa ukienda kumwokoa Emin Pasha uliufuata mto Aruwimi, ambao sehemu yake ya juu huitwa Ituri, ukayakuta msituni makambi ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani na Manyema, miongoni mwao lile la Ugarrowwa na lile la watu wa Kilonga-Longa huko Ipoto. Namna ya kupata pembe ilikuwa rahisi kuieleza: kijiji kilivamiwa kwa bunduki, wanawake na watoto wakashikwa, kisha ndugu zao wakawakomboa kwa pembe. Si kila pembe ya Ituri iliyopita mikononi mwa mwenye jumba la Shangani, kwa maana wafanyabiashara hao walikuwa pia washindani, na haki haimruhusu mwandishi kumbebesha mtu mmoja mzigo wa biashara nzima. Lakini biashara ilikuwa moja, na soko lake la mwisho upande wa Afrika lilikuwa Unguja.

Inafaa ikumbukwe pia kwamba wafanyabiashara hao wa pembe na watu wao waliitwa Waungwana, na kutokana na jina lao Kiswahili cha Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana. Lugha yenyewe inayotumika kulijadili suala hili iliingia Ituri kwa njia ileile ambayo pembe zilitokea.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walilishughulikia swali la uhalali kwa mfano mkavu na wa karibu sana: mtu akisali ndani ya nyumba iliyoghusubiwa, yaani iliyotwaliwa kwa nguvu kutoka kwa mwenyewe, je, sala yake inasihi? Madhehebu ya Hanbali, katika kauli yake mashuhuri, hujibu kwamba sala hiyo ni batili, kwa kuwa kusimama na kusujudu mahali hapo ndiko kuendelea kughusubu. Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waswahili wa pwani, husema kwamba sala inasihi, ila aliyeisali anabeba dhambi ya kukalia kisicho chake. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliujadili mfano huu katika kitabu chake al-Mustasfa, na hoja inayoutetea upande wa wengi ni kwamba tendo moja laweza kuwa na nyuso mbili: kwa uso mmoja ni ibada, kwa uso mwingine ni dhuluma, na uso mmoja hauufuti mwingine. Hoja hiyo ina faida kubwa kwa anayetafakari majumba ya kale, kwa sababu humruhusu kuusifu uzuri wa mlango bila kuufanya uzuri huo kuwa msamaha.

Hata hivyo mfano wa wanazuoni una mipaka yake. Unamchukulia mwenye nyumba kuwa mtu anayejulikana, ambaye anaweza kubisha hodi na kurudishiwa chake, ilhali jumba la Shangani halikutwaliwa kwa mtu kule Unguja. Kilichotwaliwa kilitwaliwa mbali, kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kwa hali kama hiyo fiqhi ina jibu jingine, kwamba mali ya dhuluma ambayo wenyewe hawajulikani itolewe sadaka kwa maskini au kwa maslahi ya watu wote. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba hilo liligawanywa likawa makazi ya familia kadhaa, jambo ambalo bila shaka halikufanywa kwa ajili ya kutekeleza kauli hiyo ya fiqhi, ingawa linafanana nayo kwa namna ya kustaajabisha. Tofauti ni kwamba walionufaika ni wa pwani, na msituni hakuna aliyeulizwa.

Swali la kudumu nalo lina historia ndefu katika fasihi ya pwani. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yameanguka na kuyafanya kuwa somo kwa moyo wa mwenye kutunga, na Kurani, katika sura ya Ash-Shuaraa, inamsimulia Nabii Hud akiwalaumu watu wa Adi kwa kujenga majengo makubwa kana kwamba wangeishi milele. Katika mapokeo haya kuanguka kwa nyumba ni onyo. Jengo lilipaswa kusimama, halikusimama, na kuanguka kwake kunamkumbusha mtu kile alichojaribu kukisahau.

Kwa Wambuti wa Epulu, watu wa msitu wa Ituri, nyumba inayoanguka haimwonyi mtu. Nyumba yao ya porini hujengwa na wanawake. Fito nyembamba huchomekwa ardhini kwa mduara, hukunjwa na kusukwa mpaka ziwe umbo la nusu tufe, kisha majani mapana ya mongongo huchanwa kidogo kwenye kikonyo na kupachikwa juu ya fito, safu ya chini kwanza, ili kila safu ya juu iifunike iliyotangulia na maji ya mvua yateleze. Kazi hiyo huweza kumalizika katika sehemu ya siku. Colin Turnbull, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950, alieleza jinsi mwanamke aliyekosana na jirani yake alivyoweza kuyatoa majani upande mmoja na kuugeuza mlango wake, ili watu wawili waliogombana wasitazamane kila mmoja anapotoka nje. Msitu ukiwa umepungukiwa na mawindo, au mtu akifariki kambini, watu huhama, na nyumba huachwa inyauke. Turnbull aliandika pia kwamba Wambuti huutaja msitu kuwa baba na mama. Mwenye imani hiyo tayari yumo ndani ya nyumba, na kibanda cha majani ni kama nguo tu anayoivaa humo. Turnbull alipenda mno alichokiona, na wakosoaji wake walimlaumu kwa hilo, lakini maelezo yake ya milango yanatosha bila mapenzi yake.

Haifai kudhani kwamba jiwe hudumu na jani halidumu. Matumbawe hunyonya unyevu, boriti huliwa na mchwa, na ukuta wa chokaa uliopigwa lipu ya saruji hushindwa kupumua ukaoza kwa ndani. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 akiuepuka upungufu wa boriti kwa nguzo za chuma, lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini sehemu kubwa yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Kinachoitwa kudumu ni matengenezo yasiyokatika, na aliyeyafanya ni mtumwa kwanza, kisha kibarua, kisha serikali. Epulu penyewe pamewahi kuwa na jumba la mgeni: Patrick Putnam, Mmarekani aliyehamia hapo katika miaka ya 1930, alijenga kando ya mto nyumba kubwa ya miti, udongo na majani, akapokea wageni na kutibu wagonjwa. Alipofariki mwaka 1953, mikono iliyoitunza ikatawanyika, na msitu ukaichukua.

Kiswahili kina maneno mawili kwa kile kinachobaki. Gofu ni jengo lililoharibika ambalo kuta zake bado zinaonekana. Hame ni mahali palipohamwa, pawe na ukuta au pasiwe nao. Jumba la Shangani lilizalisha mahame mengi katika Ituri, ya watu waliohama kwa kukimbia bunduki, na mahame hayo yakachanganyika na yale ya watu waliohama kwa sababu majani yamekauka na wanyama wamesogea. Dola haikutaka kuyatofautisha. Tarehe 1 Julai 1885 amri ya Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola, na utupu ulipimwa kwa macho yaliyozoea majengo na mashamba, kiasi kwamba watu walioishi humo kwa vizazi bila kuacha gofu hata moja wakahesabiwa kuwa hawakuishi. Hapo ndipo maswali mawili ya mwanzo yanapokutana, kwa kuwa kudumu kwa jengo kuligeuzwa kuwa ushahidi wa uhalali: aliyejenga kwa mawe akapewa historia, na aliyejenga kwa majani akanyang'anywa ardhi.

Sheria ya Julai 2022 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuhusu haki za watu wa asili wa jamii za Mbilikimo, jina ambalo sheria hutumia kwa Wambuti na wenzao, inazitambua haki zao juu ya ardhi wanazozikalia kwa desturi. Ugumu utakuwa katika ushahidi. Gofu hupimwa kwa kamba, huchorwa, hupigwa picha na kuorodheshwa. Shahidi wa hame ni mtu, anayekumbuka ni kijito gani kilichokuwa karibu, nani alizaliwa hapo, na mlango wa nani uligeuzwa usimtazame nani.