Ridhaa ya Wasiozaliwa

Katika vijiji vingi vya Tanzania, aliyeazima shamba huachiwa alime mahindi na maharage, lakini hakubaliwi kupanda miti. Mahindi yatavunwa naye ataondoka. Mti utabaki, na kesho aliyeupanda atasema hapa ni pangu. Wazee waliujua uzito huo: kupanda mti ni kudai miaka ijayo.

Ndiyo maana nikitafakari misindano na milingoti iliyofunika vilima vya Mufindi, Kilolo na Njombe, sijiulizi kama miti ni mizuri. Miti imesomesha watoto na kuezeka nyumba bati, na wanakijiji wengi wana ekari zao. Najiuliza miaka hiyo ijayo ni ya nani. Msindano huchukua miaka 15 hata 20 kufikia mbao nzuri. Mwenye mtaji, wa mjini au wa ng'ambo, anaweza kungoja. Anayedaiwa ada hawezi; huuza miti ikiwa michanga, au huuza shamba lenyewe. Ufukara mmojawapo ni kutoweza kungoja, na biashara hii humlipa anayeweza.

Sheria nayo imeongeza jambo zito zaidi. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kampuni ya kigeni ikitaka ardhi ya kijiji, ardhi hiyo huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji tena, kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Eneo lisilofika hekta 250 huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Mwekezaji anaweza kupewa hadi miaka 99. Ikiisha, ardhi hairudi kijijini. Mwanakijiji amenyoosha mkono akidhani anakodisha, kumbe anaaga. Na mara nyingi ahadi ya mwekezaji ya kujenga zahanati hutolewa kwa mdomo, wakati ardhi inaondoka kwa maandishi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wenye miaka 18 na zaidi. Waliozikwa katika ardhi hiyo hawapo, na watakaoihitaji hawajazaliwa. Mwaka 1958, katika andiko lake "Mali ya Taifa", Nyerere alipinga ardhi kufanywa bidhaa ya mtu binafsi. Mimi naongeza kwamba hata kijiji kizima, kwa kura halali kabisa, hakina haki ya kutoa ridhaa isiyorudi nyuma kwa niaba ya vitukuu vyake. Waliopo leo wana haki ya kutumia, na hata ya kukodisha. Kuliondoa fungu la wengine milele si haki yao.

Basi sheria irekebishwe. Ardhi ikodishwe ikiwa bado ya kijiji, kwa muda usiozidi mavuno mawili ya msindano, kisha watakaokuwapo wakati huo waulizwe upya.