Pua Ikae Panaposuguana

Katika maduka yetu ya vifaa, ubora hupimwa kwa kiganja. Mteja hunyanyua kifaa, hukitikisa kidogo, na kama ni kizito hukisifu: hiki ni chuma, kitadumu. Kama ni chepesi, tena cha plastiki, hukirudisha juu ya kaunta kwa dharau ambayo muuzaji huisoma usoni kabla neno halijatoka. Dharau hiyo ina sababu zake na siipuuzi. Tumeuziwa plastiki nyingi mbovu katika nchi hii, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kipo kifaa kidogo cha useremala ambacho kinatulazimisha kufikiri upya juu ya kiganja hicho, nacho kingewafaa sana mafundi wa Lushoto na milima ya Usambara kwa ujumla: jigi ya kutobolea matundu ya mshazari.

Kwa asiyeijua, jigi hiyo hubanwa kwenye ubao, na ina njia moja au mbili zilizolala kwa pembe ya digrii 15 hivi. Kazi yake ni kuiongoza biti ya drili iingie mbaoni kwa mshazari na kuacha tundu lenye ngazi, pana juu ili kichwa cha skrubu kizame, jembamba mbele ili skrubu ipenye na kuukamata ubao wa pili. Werevu wake uko hapo. Ukipiga skrubu kupitia ubavu wa ubao mmoja hadi kwenye kichwa cha ubao mwingine, meno yake hulala sambamba na nyuzi za mti, na nyuzi hizo huachia upesi. Ukiipitisha kwa mshazari kutokea ubao wenye kichwa, meno huishia ubavuni mwa ubao wa pili, yakipingana na nyuzi, na hapo hushika kweli. Kwa mbao laini za msaiprasi na paini, zile zinazotoka kwenye shamba la miti la Shume, hutumika skrubu zenye meno mapana. Kwa mbao ngumu, meno ya karibu karibu. Fremu ya kabati ambayo ingengoja gundi ikauke usiku kucha husimama kwa muda mfupi tu.

Sasa ubishi wenyewe: jigi ya chuma au ya plastiki? Jina kubwa kuliko yote katika vifaa hivi lilianza na Craig Sommerfeld, wa jimbo la Iowa nchini Marekani, ambaye mwaka 1986 alitengeneza jigi yake ya kwanza ili aunganishe fremu za makabati ya jikoni nyumbani kwake. Ilikuwa ya alumini na pua. Alikuwa fundi wa kutengeneza zana na kalibu, na kwa mtu wa kazi hiyo metali ndiyo kitu cha kawaida mkononi. Kampuni ya Kreg iliyozaliwa na kazi yake imeuza baadaye jigi nyingi zenye mwili wa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Mwenye haraka atasema ni ubahili wa wenye viwanda, na kwa sehemu ni kweli: kalibu ya plastiki ni ghali, lakini ikishalipiwa hutoa maelfu ya miili inayofanana. Ila tazama kile ambacho hakikubadilika. Njia ambamo biti inazunguka, yaani bushi, ilibaki ya pua iliyokomazwa kwa moto. Mwili uliachiwa plastiki, na pua ikabaki panaposuguana.

Hoja yangu yote imesimama hapo. Biti ya drili haigusi mwili wa jigi, hugusa bushi. Ikiwa bushi ni ya pua ngumu, imekaa imara na pembe yake ni sahihi, biti haijui kama nje kuna alumini au nailoni. Na ikiwa hakuna bushi, alumini nzito inayosifiwa dukani italiwa na biti, kwa sababu alumini ni laini mbele ya chuma kinachokata. Tundu litapanuka kidogo kidogo, biti itaanza kucheza, na skrubu zitatokea pasipotakiwa. Fundi atakuwa amelipia uzito mahali pasipo na kazi, na kunyimwa ugumu mahali penye kazi. Kiganja hakiwezi kumwambia hayo. Jicho lake linaweza, akiitazama njia ya biti kabla ya kuutazama mwili.

Tena hili si jambo geni kwetu. Kabla ya Mjerumani kupanda milima hii na kuuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, Wasambaa walilima kwa majembe ambayo chuma chake kilifuliwa Upare, na Washana ndio ukoo uliojulikana huko kwa ufuaji. Mpini ulikuwa mti. Hakuna aliyeliona jembe kuwa dhaifu kwa sababu nusu yake ni mti. Chuma kilikuwa adimu na kilipelekwa kule kunakogusa udongo. Randa ya zamani nayo ina mwili wa mbao na ulimi wa chuma, na maseremala wa kizazi kilichopita walinyoosha milango ya makanisa na misikiti kwa randa za namna hiyo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, wakimsuta mwenye sura bila kiini. Kwa zana methali hiyo inageuka: kipande cha mti ndani hakina aibu, mradi mdomo ni pua.

Mpinzani atasema plastiki hupinda. Ni kweli, fundi akiikaza klampu kupita kiasi mwili dhaifu hujikunja na pembe ikahama. Lakini plastiki si kitu kimoja. Nailoni yenye nyuzi za kioo na plastiki ya beseni ni vitu viwili tofauti, kama vile alumini iliyochongwa ilivyo mbali na zinki ya kumiminwa, ambayo ni nzito na inang'aa lakini ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kukatika vipande viwili. Atasema pia kuwa nailoni hunyonya unyevu, na Lushoto iko juu ya mita 1,300, ukungu ukishuka toka Magamba kila kitu huloa. Ni kweli tena. Hata hivyo badiliko la kipimo linaloletwa na unyevu huo ni dogo kuliko linalotokea kwenye mbao yenyewe. Ubao mbichi wenye upana wa milimita 100 unaweza kupungua milimita mbili au zaidi ukikauka, na skrubu iliyokazwa ndani yake ikabaki inalegea. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo tatizo kubwa la samani zetu: tunabishana juu ya chuma na plastiki huku tukijenga kwa mbao zilizokatwa juzi. Hakuna jigi duniani inayoponya mbao mbichi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la ukarabati. Chuma kikivunjika, tunaambiwa, kitachomelewa; plastiki ikivunjika ni takataka. Kwa fundi wa Mlalo au Soni, aliye mbali na mawakala wa vipuri, hoja hii ina uzito wa kweli kuliko takwimu zozote za ugumu. Lakini chunguza ni chuma gani. Pua huchomelewa karibu kila mahali penye umeme. Alumini inataka mashine yake na mkono wake, na zinki ya kumiminwa ni nadra sana ikubali. Kwa hiyo neno "chuma" kwenye boksi halitoshi kuwa ahadi ya ukarabati. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama bushi zinafunguka na kama zinauzwa peke yake. Mwili wa plastiki wenye bushi ya kubadilishwa utaishi kuliko mwili wa alumini ambao bushi yake imegandishwa humo milele.

Kuna anayekataa plastiki kwa ajili ya mazingira, na nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019 haiwezi kumcheka. Ubaya wa mfuko ulikuwa umri wake: kutumika dakika chache na kukaa ardhini miaka mingi. Kifaa kinachofanya kazi miaka kumi hakimo katika kesi hiyo. Ila jigi ya bei rahisi isiyo na bushi, itakayotupwa baada ya makabati mawili, ni mfuko ule ule uliobadili umbo, na kwa hiyo sitaitetea. Na wapo wazee wa kazi wasiotaka jigi ya aina yoyote, kwa kuwa kiungo cha ulimi na tundu kilichochongwa kwa patasi hakihitaji skrubu. Kwa kiti, meza ya kulia na mlango wa nje, nawaunga mkono bila masharti. Fremu ya kabati la ukutani haibebi mtu, wala haipigwi kila siku na mvua za Usambara, na kuitolea saa tano za patasi ni kumtoza mteja kwa nguvu asiyoihitaji.

Ubishi wa chuma na plastiki unaisahau mbao, nayo inafaa kwa mwili wa jigi. Kipande cha mvule mkavu, au cha mti mwingine mgumu uliokwisha kutulia, kikikatwa kwa pembe ile ile na kutiwa bushi ya pua, kinaongoza biti sawasawa na kile cha kiwandani. Bushi inaweza kukerezwa Tanga kwa kipimo cha biti, ambacho kwa kawaida ni milimita 9.5, kisha ikakomazwa kwa moto. Ikichakaa hugongwa nje kwa nyundo na kuwekwa nyingine. Pembe ya kwanza huenda isitoke sawa, na mbao za kujaribia zitaharibika. Kitakachobaki kununuliwa ni ile biti yenye ngazi pamoja na kola yake ya kuzuia kina, ambayo haitengenezwi kwa tupa, na fedha iliyookolewa kwenye mwili itafute biti nzuri.