Kidole na Mzigo
(Luka 10:25–37, 11:46)



Katika Injili ya Luka twamwona mwana-sheria mmoja akisimama kumjaribu Bwana Yesu. Alipoulizwa yaliyomo katika torati, alijibu barabara. Mwalimu ye yote angalimpa alama zote. Lakini Bwana hakumwacha apumzike katika jibu lake. Alimtoa kitabuni akampeleka kwenye njia ya Yeriko, penye mtu aliyejeruhiwa, ndipo akamwagiza aende akatende. Tena katika sura ifuatayo Bwana awakemea wana-sheria, kwa kuwa huwatwika watu mizigo wasiyoigusa wenyewe. Hakuwakemea kwa kuijua sheria, bali kwa ajili ya mikono yao.

Neno hili twalikumbuka tusikiapo habari za vijana wetu wasomao sheria. Katika mwaka 1967 walimu wa sheria wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliunda kamati ya kuwasaidia maskini katika mashauri yao. Katika kazi ya namna hii mwanafunzi huketi na mwenye shida, humsikiliza mpaka mwisho, huandika, husoma hati zake, kisha hulipeleka jambo kwa mwalimu, lisahihishwe kabla ya kutoa shauri. Na kwa sheria ya mwaka 2007 iliundwa Shule ya Sheria, ili mhitimu ajifunze kazi yenyewe kabla hajawa wakili. Faida ni mbili: maskini hupata mtetezi, na mwanafunzi hupata macho. Kitabuni “mdai” ni neno tu. Barazani ni mama mwenye jembe.

Kwetu Kwedizinga, na kote Handeni na Korogwe, jambo hili si la mbali, kwa maana shamba ndilo ghala yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini ni wajane wangapi wajuao?

Nasi tuandikao tusijivune. Siku moja baada ya ibada mjane alitujia na karatasi ya hukumu ya baraza la wilaya juu ya shamba la marehemu mumewe. Tulimfariji, tukaomba naye, tukamrudishia karatasi ikiwa imekunjwa vile vile. Hatukuisoma. Tulipokuja kuuliza, zile siku 45 za kukata rufani zilikuwa zimekwisha pita. Kuomba kuongezewa muda kwawezekana, lakini kwataka sababu njema, na mama yule alikwisha kata tamaa. Sala yetu ilikuwa ya kweli, ndugu. Lakini kuhani na Mlawi walipita kando kimya. Sisi tulipita tukiomba.

Basi tufanyeje? Ninyi makatekista, mtu akileta karatasi msomeeni siku ile ile, mkamwonyeshe tarehe yake. Ulizeni wilayani walipo wasaidizi wa kisheria, watambuliwao kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao si mawakili, lakini huelekeza watu bila malipo. Ninyi wazazi wenye watoto wasomao sheria, wakija likizo wapelekeni kwenye baraza la ardhi la kijiji wakasikilize. Wala vijana wasijifanye mawakili kabla ya wakati. Msamaria hakujifanya tabibu: alifunga jeraha kwa alichokuwa nacho, kisha akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatuokoki kwa matendo haya. Lakini aliyetuliwa mzigo wake awezaje kumwacha mwenzake chini ya mzigo? Bwana wetu, Mwombezi wetu mbele za Baba, hakututetea kwa mbali. Aliichukua mizigo yetu kwa mikono yake, na mikono hiyo ina makovu. Yeye na atufundishe kunyosha yetu. Amin.